Kumpeleka mama mkwe kuliona kanisa la Kilpeck, Herefordshire: naomba ushauri

Mkwe wa Muheza

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Naishi Birmingham na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Muheza, Tanga, kukaa nasi kwa miezi mitatu. Tangu afike mwezi wa Februari amekwisha kuona maduka makubwa, mifereji inayopita katikati ya mji na theluji iliyomkaribisha kwa siku mbili, na yote ameyasifu kwa adabu. Juzi, tukiwa mezani, akasema kwamba hayo ni mambo ya mjini, na kwamba yeye angependa kuona Waingereza wa shamba wanaishi vipi na wanasali wapi. Ni Mwanglikana wa kuzaliwa, babu yake alibatizwa Magila, huko huko Muheza, wakati wa wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, na yeye mwenyewe ameimba kwaya tangu usichana wake, kwa hiyo sikuona ajabu kwamba neno la kusali lilikuwamo katika ombi hilo.

Mwenzangu mmoja kazini amenishauri twende Kilpeck, kitongoji kidogo cha wakulima karibu na mpaka wa Wales, chenye kanisa lililojengwa yapata mwaka 1140 na ambalo bado linatumika. Nimetazama picha zake na nimevutiwa, lakini kabla sijawabeba watu wanne ningependa kusikia kutoka kwa waliofika. Sisi hatuna gari, na mama mkwe ana miaka 71 na goti linalomsumbua, hivyo ningependa kujua safari yenyewe ikoje na kama mahali hapo panatosha kumshughulisha mtu kwa siku nzima.

Kuna na jambo jingine ambalo naliuliza nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo. Nimesoma kwamba katika nakshi za nje ya kanisa hilo kuna sanamu ya mwanamke aliye uchi, ambaye kwa mikono yake miwili anajifunua mbele ya kila anayetazama. Kwa watoto nitapata la kusema, lakini nitasimamaje mbele ya kitu kama hicho pamoja na mama mkwe, mtu ambaye katika miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kula naye sahani moja? Waliokwisha kupita hapo na wazee wao, naomba mnisaidie.

Mkazi wa Hereford

Marahaba, na karibu sana huku kwetu. Nimeishi Hereford kwa zaidi ya miaka kumi na nimewapeleka Kilpeck wageni wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa hiyo nianze na safari, maana ndiyo inayowaharibia watu siku.

Kutoka Birmingham New Street kuna treni za moja kwa moja hadi Hereford, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Kutoka Hereford hadi Kilpeck ni kama kilomita 14 kuelekea kusini-magharibi, kwa barabara ya A465 inayokwenda Abergavenny, kisha mnaiacha barabara kuu na kuingia kushoto katika kijia chembamba chenye ua wa miti pande zote mbili, ambamo magari mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Mabasi ya vijijini huku ni machache na ratiba zake hubadilika, kwa hiyo kwa mzee mwenye goti na watoto wawili nashauri mchukue teksi kutoka stesheni. Jambo la muhimu ni kupatana na dereva huyohuyo saa ya kuwarudia, tena mpatane kabla hajaondoka. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimwacha dereva aende zake nikiamini nitampigia simu baadaye. Simu haikushika mtandao hata kidogo, na tulitembea hadi barabara kuu na mgeni wangu aliyevaa viatu vya kanisani. Hadi leo ananikumbusha.

Kilpeck si kijiji kwa maana ya Muheza, wala msitegemee stendi, genge au mahali pa kununua maji. Ni nyumba chache, mashamba, kondoo, na baa moja ya kijijini ambayo haifunguliwi saa zote. Bebeni chakula chenu na chai kwenye chupa, na malizeni haja zote mkiwa bado mjini. Mama avae viatu visivyoteleza, kwa sababu njia ya makaburini ni fupi na tambarare kiasi, lakini majani huku hubaki na umande hadi saa tano asubuhi. Goti lake litaweza kanisani bila shida. Kilima cha ngome kilicho nyuma ya kanisa ndicho asijaribu.

Kuhusu ibada, msidhani kwamba Jumapili yoyote mtakuta watu. Katika parokia za mashambani kasisi mmoja huhudumia makanisa kadhaa, na ibada huzunguka kwa zamu, leo hapa, wiki ijayo kwingine. Kama mama angependa kusali na wenyeji badala ya kutazama jengo tu, tafuteni ratiba ya parokia kwanza. Akikaa katika ibada ya Komunyo atashangaa jinsi anavyojua kinachofuata hata kabla hakijasemwa, kwa kuwa mpangilio ni uleule aliozoea.

Mpita Njia

Mimi nitasema ukweli wangu, hata kama hautapendeza. Nilikwenda mwaka juzi kwa sababu ya sifa kama hizi, nikakuta kanisa dogo kuliko madarasa ya shule yetu ya msingi, lisilo na mnara, na katika dakika kumi na tano nilikuwa nimelizunguka mara mbili na kuingia ndani na kutoka. Hapakuwa na mtu wa kueleza chochote. Kwa nauli ya teksi kwenda na kurudi, naona afadhali mama apelekwe katika kanisa kuu la Hereford, ambako kuna ramani ya dunia ya Zama za Kati iliyochorwa juu ya ngozi yapata mwaka 1300, na maktaba ya vitabu vilivyofungwa kwa minyororo.

Fundi Mawe

Ndugu Mpita Njia, ramani hiyo ni ya kuonwa, nakubaliana nawe, na aliyeiandika alichanganya majina makubwa hata Ulaya ikaitwa Afrika na Afrika ikaitwa Ulaya, jambo ambalo peke yake linastahili nauli. Lakini dakika kumi na tano za Kilpeck ni sawa na kupitisha macho juu ya msahafu ukasema umeusoma. Naomba ruhusa nieleze kidogo, kwa sababu hii ni kazi yangu. Nilianza uashi Mombasa kwa mawe ya matumbawe, na sasa nafanya kazi huku kwenye majengo ya kale.

Mkifika, msiingie ndani. Zungukeni nje kwanza, polepole, macho yakiwa juu chini ya ukingo wa paa. Kanisa lote limejengwa kwa mawe mekundu ya mchanga ya huku, na chini ya ukingo huo, kulizunguka jengo zima, yametokeza mawe mafupi yanayoubeba, kila moja limechongwa kichwa au kiumbe chake. Yamebaki 85. Kuna mbwa na sungura wamekaa bega kwa bega kama ndugu waliopigwa picha, kuna mtu anayepiga kinanda cha nyuzi, kuna kondoo wa Pasaka mwenye msalaba, kuna dubu, na kuna vingine ambavyo hakuna anayejua ni wanyama gani. Chukueni darubini, hata ile ya watoto ya kuchezea, na mpeni kila mtoto kazi ya kuhesabu na kuchagua kimoja anachokipenda. Mtoto wa miaka 6 atawashinda wote, kwa sababu yeye hatafuti maana.

Kwenye ukuta wa magharibi vimetokeza vichwa vya majoka, vinywa wazi na ndimi zimejikunja, na mtu wa pwani akivitazama kwa upande ataona omo ya chombo. Wataalamu nao huvilinganisha na vichwa vya mashua za Waskandinavia. Kisha mrudi upande wa kusini, kwenye mlango, na hapo mama apewe kiti kama mnacho, maana ndipo penye kazi kubwa. Juu ya mlango, ndani ya nusu duara, kuna mti au mzabibu wenye mashada, ambao wengi huuita mti wa uzima. Nguzo za pembeni zimefunikwa nakshi tangu chini hadi juu. Katika nguzo ya kushoto kuna wanaume wawili wembamba, wamevaa suruali zenye mistari na kofia zilizochongoka, wamenaswa katika mizabibu kama watu waliopotea msituni. Juu ya nguzo ya kulia kuna uso unaotoa majani kinywani. Nyoka nao wamo, wakimezana.

Ninachokipenda mimi kama fundi ni makali ya kazi yenyewe. Kwa karibu miaka 900 mvua ya Wales imekuwa ikipiga hapo, na bado mistari ya suruali za wale wanaume inahesabika. Mafundi walewale, ambao wanahistoria huwaita shule ya Herefordshire, walifanya kazi nyingine katika eneo hili, yakiwemo mabeseni ya ubatizo ya Eardisley na Castle Frome, na kanisa la Shobdon. Huko Shobdon, kanisa lilipojengwa upya katika miaka ya 1750, matao yake yaliyochongwa yaling'olewa yakasimamishwa kwenye bustani kuwa pambo la kutazamwa kutoka mbali, na leo ukiyakaribia unaona vivuli tu vya nakshi, mvua imekwisha kuyalamba. Ukitoka hapo ukaja Kilpeck ndipo unaposhukuru kwamba mahali hapa palikuwa kimya na hapakuwa na mtu mwenye fedha za kutosha kupaboresha. Tafadhali waambieni watoto wasiguse nguzo za mlango. Mafuta ya mikono hufanya kile ambacho mvua imeshindwa.

Ndani ni padogo na panaeleweka mara moja: ukumbi wa waumini, kisha sehemu ya kwaya, kisha madhabahu ndani ya nusu duara. Kwenye tao linaloingia katika sehemu ya madhabahu mtaona watakatifu wamesimama mmoja juu ya mwingine, watatu kila upande. Mtindo huo wa kuwapanga juu kwa juu unafanana na ule wa mlango wa Platerías huko Santiago de Compostela, Uhispania, na tunajua kwamba Oliver de Merlimond, msimamizi wa mali za ukoo wa Mortimer na ndiye aliyejenga Shobdon, alikwenda kuhiji huko. Msitoke kabla ya kuutazama mtungi wa maji ya baraka, wenye tumbo nene na mikono miwili inayolikumbatia tumbo hilo kama mtu aliyeshiba pilau.

Mkazi wa Hereford

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi. Naongeza la nje ya kanisa, kwa faida ya Mpita Njia pia. Ukisimama mlangoni, nyuma ya kanisa upande wa magharibi kuna kilima kilichotengenezwa kwa mikono na Wanormani, watawala waliokuja kutoka Ufaransa, na juu yake vimebaki vipande viwili vya ukuta wa ngome. Ngome hiyo iliharibiwa mwaka 1645 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza ili isitumike tena. Upande wa pili, kaskazini-mashariki ya kanisa, kuna uwanja wa malisho wenye matuta na mabonde madogo yanayoonekana vizuri jua likiwa chini. Hayo ni mabaki ya kijiji cha Zama za Kati, njia zake na viwanja vya nyumba zake. Hugh, bwana wa mahali hapo, ndiye aliyelikabidhi kanisa la Kilpeck kwa watawa wa Gloucester mwaka 1134, na wakati huo hapa palikuwa ni mahali penye watu na sauti. Kwa hiyo ukimya unaousikia leo ulikuja baadaye, na kondoo wanalala juu ya sakafu za watu.

Bint Unguja

Assalaam aleikum. Mimi si Mkristo, na Kilpeck nilipelekwa na mwanangu anayesoma huku, lakini nilikaa kwenye benchi pale nje saa nzima. Nilikuwa nikiufikiria msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kule kwetu Unguja. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyo kwenye kibla yake yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na ingawa sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, ukuta ule bado watu wanauelekea kila swala. Kati ya fundi aliyechonga matumbawe ya Kizimkazi na fundi aliyechonga mawe mekundu ya Kilpeck kuna tofauti ya miaka isiyozidi 40, na vyote viwili vimo katika vijiji ambavyo dereva lazima aulize njia. Kule kwetu tulichonga maua na herufi, na hawa wakachonga kila kilichowapitia kichwani.

Sasa nije kwa suala lako, mwanangu, maana naona wote wamelikwepa. Sanamu hiyo huitwa Sheela-na-gig, na iko upande wa mashariki, kwenye mzunguko wa nje wa madhabahu, pamoja na vichwa vingine. Si kubwa, na asiyeijua anaweza kuipita. Wengine husema iliwekwa kuwaonya watu na zinaa, wengine kwamba ni kinga ya kufukuza shari, wengine kwamba ni ya kuombea uzazi, na wasomi hawajakubaliana. Lakini wewe hukuuliza maana yake, uliuliza adabu. Jibu langu ni kwamba mavyaa wako hapaswi kufichwa kitu kama mtoto, wala wewe hupaswi kuwa naye kinapoonekana. Mkifika upande wa mashariki, wachukue watoto uende nao kule kilimani kwenye ngome, ambako goti la mama haliwezi kufika, na umwache azunguke na binti yake. Hapo kila mtu atakuwa amebaki na heshima yake, na hakuna aliyedanganywa.

Mkwe wa Muheza

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa kama ilivyo ada. Tulikwenda Jumamosi iliyopita, teksi kwenda na kurudi, dereva tukapatana naye saa nane kamili na akaja saa nane kasorobo. Viazi vya kuchemsha, mayai na chai ya tangawizi tulikuwa navyo, na tulivila kwenye benchi karibu na makaburi baada ya mama kusoma kwanza majina kadhaa juu ya mawe na kuwaombea wenyewe.

Mlangoni tulimwekea kiti cha kukunja, na nadhani alikaa hapo zaidi ya nusu saa. Wale wanaume wawili wa nguzo ya kushoto aliwahurumia, akasema wanaonekana kama watu waliotumwa kuni wakapitiwa na giza. Ndani aliuliza kama anaruhusiwa kuimba, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine nikamwambia aimbe. Akaimba beti mbili za wimbo wa Komunyo kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, na sauti ile ikaenda hadi kwenye dari ya nusu duara ya madhabahu na kurudi. Mdogo wetu alichagua mbwa na sungura. Mkubwa alihesabu mawe, akapata 83, akakasirika, akaanza upya.

Ushauri wa Bint Unguja niliufuata neno kwa neno. Tulipomaliza upande wa kusini niliwachukua watoto tukapanda kilimani, tukakaa kati ya vile vipande viwili vya ukuta, na kutoka hapo niliwaona mke wangu na mama yake wakikunja kona ya mashariki, darubini ikiwa mkononi mwa mama. Walisimama. Darubini ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Kisha nikasikia kicheko ambacho sijawahi kukisikia kutoka kwa mama mkwe wangu tangu nimemjua.

Usiku, watoto walipokwisha kulala, mke wangu alinisimulia kwa ufupi. Mama hakuona aibu wala hakushangaa. Alisema bibi yake alikuwa kungwi kabla ya kubatizwa, na hata baada ya kubatizwa, na kwamba wanawali wa enzi hizo walifundishwa kwa vinyago vya udongo, ambavyo baadhi yake havikuwa na tofauti kubwa na huyu, kila kimoja na wimbo wake. Kilichomchekesha ni kwamba wamisionari walifika kwao wakasema vinyago hivyo vya bibi havifai, ilhali wao wenyewe, nyumbani kwao Uingereza, wamemweka wa kwao ukutani kanisani, tena upande wa madhabahu. Aliomba apigwe naye picha ya kuwapelekea wenzake wa kwaya, na mke wangu akampiga.

Picha hiyo imo katika simu ya mke wangu, na nimeambiwa hainihusu. Sanamu yenyewe mimi bado sijaiona.